Mbwa watatu na ukuta mmoja: uchambuzi wa kisa cha kelele za mbwa mtaani

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Nilikishuhudia nikiwa msaidizi wa kisheria niliyeitwa kwenye vikao vya usuluhishi, na wahusika wameridhia kiandikwe ili kiwasaidie wengine. Majina yameondolewa, pamoja na kila kinachoweza kuutambulisha mtaa au nyumba. Nitawaita wahusika Mzee, Nesi na Mwalimu.

Mahali na watu

Eneo hili lilikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Watu walijenga kwanza, upimaji ukaja baadaye, na matokeo yake nyumba zimebanana. Kati ya dirisha la chumba cha kulala cha Nesi na ukuta wa Mzee hapazidi hatua tatu. Msomaji asilisahau hilo, kwa sababu mbwa anayebweka kwenye shamba la ekari mbili na mbwa anayebweka hatua tatu kutoka kwenye mto wa mtu aliyelala ni mambo mawili tofauti, hata akiwa mbwa yuleyule.

Mzee ni mstaafu, anaishi na mkewe na mjukuu wa kiume. Wezi waliwahi kuruka ukuta wake usiku, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na pikipiki ya mjukuu, huku mkewe akiwa macho chumbani akiogopa hata kukohoa. Baada ya tukio hilo Mzee alitafuta mbwa: madume mawili chotara wa jamani shepadi na jike mmoja wa kienyeji. Mchana waliwekwa kwenye minyororo karibu na geti la nondo, usiku walifunguliwa. Chakula chao kilikuwa ugali wa pumba na vichwa vya samaki, na chanjo walipata kila mwaka. Kwa vipimo vya mtaa ule, Mzee alikuwa mfugaji mzuri.

Nesi ni mpangaji nyumba ya pili. Mumewe ni dereva wa magari ya mizigo, wiki nyingi yuko safarini. Ana mtoto mchanga, na alikuwa amerudi kazini kutoka likizo ya uzazi akipangiwa zamu za usiku na za mchana kwa kupokezana. Mwalimu anaishi ng'ambo ya njia, na alikuwa na mtoto wa darasa la saba anayejiandaa na mtihani.

Malalamiko yalivyoanza

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyesema kitu. Nesi alinieleza kwamba kila alipokutana na Mzee asubuhi alimwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba binti yangu, umeamkaje?" Alijibu "salama" hata siku ambazo hakufumba jicho. Angewezaje kumwambia mtu mwenye umri wa baba yake kwamba mbwa wake ni kero?

Alipochoka, alimtuma dada wa kazi. Ujumbe ulitoka kwa Nesi ukiwa "tunaomba mbwa wafungwe usiku, mtoto halali," ukafika kwa Mzee ukiwa "mama amesema ufunge mbwa wako." Mzee alijibu kwamba yeye amefuga mbwa, hajafuga kasuku, na mbwa asiyebweka ana faida gani? Jibu hilo nalo lilirudi kwa njia ileile, likiwa limeongezwa chumvi.

Hatua iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Usiku mmoja wa saa nane, Mwalimu alirekodi sauti ya mbwa kwa dakika mbili na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akaandika: "Hivi ndivyo tunavyoishi." Kufikia asubuhi watu wengi walikuwa wamechangia, baadhi wakiwa wa barabara ya mbali ambao hawajawahi kuwasikia mbwa hao. Mtoto wa Mzee anayeishi mkoa mwingine alijibu kwa hasira, akauliza kama majirani wanataka wazazi wake waibiwe tena au safari hii wauawe kabisa. Mzee mwenyewe hana simu ya kisasa. Aliambiwa dukani kwamba anasemwa mtandaoni.

Uamuzi wa kwanza: banda

Balozi wa eneo, yaani kiongozi wa nyumba chache za jirani, aliingilia kati kwa nia njema. Alikwenda barazani kwa Mzee jioni, akasikiliza, akapitia kwa Nesi, na siku hiyohiyo akatoa uamuzi: mbwa wasiachwe huru usiku, wajengewe banda. Sababu yake ilieleweka. Alitaka jambo liishe haraka, na banda ni kitu kinachoonekana. Mtu anaweza kupita na kuona kwamba agizo limetekelezwa.

Mzee alitii. Alinunua mabati na mbao, fundi akajenga banda palipokuwa na nafasi, yaani kwenye ukuta wa upande wa Nesi. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni. Upande mwingine kuna kisima na karo la maji machafu. Lakini mbwa watatu waliozoea kuzunguka usiku kucha sasa walikuwa ndani ya chumba cha bati, hatua tatu kutoka kwenye dirisha la mtoto mchanga. Kila mlio ulipiga bati na kurudi. Zaidi ya hayo, majuma hayo jike alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, na mbwa wazururaji wa mtaa mzima walikuwa wanakusanyika nje ya geti.

Nesi aliamini Mzee amefanya makusudi. Mzee aliamini kwamba ametumia pesa ya pensheni kumridhisha mtu asiyeridhika. Salamu zilikatika hapo.

Sumu

Wiki chache baadaye, dume mkubwa alikutwa amekufa alfajiri, mdomo umejaa povu. Kuku watatu wa nyumba ya tatu walikufa siku hiyohiyo. Mtu alikuwa ametupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, na vipande vingine vilianguka njiani.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu katika mitaa yetu jambo hili huzungumzwa kama njia ya mkato inayokubalika. Vipande vile vilianguka kwenye njia inayotumiwa na watoto wa chekechea. Kuku waliokufa walikuwa wa mama anayeuza mayai, ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote. Na kisheria hakuna shaka: kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mlalamikaji aliyekuwa na haki yake ya kulala, akitupa sumu, anageuka mtuhumiwa kwa usiku mmoja.

Mzee alikwenda kituo cha polisi akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake. Hakutaja jina, ila mtaa mzima ulimtaja Nesi kimoyomoyo, na wengine kwa sauti. Nesi alikuwa kazini usiku ule, na orodha ya zamu ilithibitisha hilo, lakini tuhuma haikungoja ushahidi. Hadi leo aliyetupa sumu hajajulikana.

Kikao cha mtaa

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waliandika barua za wito. Waliitwa Mzee na mjukuu wake, Nesi na mumewe, Mwalimu, balozi, mama mwenye kuku, afisa mifugo wa kata na mimi. Kikao cha kwanza karibu kivunjike. Mjumbe mmoja alipendekeza mbwa waliobaki wakatupwe mbali, mwingine akasema mbwa wote wauawe kwa sababu ya kichaa. Afisa mifugo alimjibu kwa utulivu kwamba kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo, kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe, na kwamba ukiua mbwa waliochanjwa, nafasi yao huchukuliwa na wazururaji wasiochanjwa.

Mumewe Nesi alitaka kwenda mahakamani moja kwa moja. Nilimweleza njia zilizopo. Kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinaweka viwango vya kelele, na malalamiko yanaweza kufikishwa halmashauri au kwenye chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kero kwa umma, ingawa hapo inabidi kuonyesha kwamba wanaoumizwa ni umma, si nyumba moja. Mtu binafsi anaweza pia kufungua shauri la madai la kero dhidi ya jirani. Kila njia ingemuuliza maswali yaleyale: kelele ni saa ngapi, kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki, na ulichukua hatua gani kabla ya kuja hapa? Hakuwa na jibu hata moja lililoandikwa. Hakuna aliyekuwa nalo.

Kutokana na maswali hayo mwenyekiti alifanya maamuzi mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyokiokoa kisa hiki. La kwanza, kila upande uwe na daftari kwa wiki mbili na kuandika kila mbwa wanapobweka mfululizo: saa, muda, na nini kilikuwa kinatokea nje. La pili, Mzee aende usiku mmoja akakae sebuleni kwa Nesi.

Usiku wa kusikiliza

Mzee alikataa mwanzoni. Ni mwenyekiti aliyemshawishi, akaahidi kwenda naye pamoja na mke wa Mzee ili pasiwe na neno la kusemwa. Mumewe Nesi alikuwepo. Walikaa kuanzia saa tano usiku, wakanywa chai, na kwa muda mrefu hakukuwa na kelele yoyote. Mzee akaanza kuonekana mshindi.

Ilipofika saa saba kasoro, walinzi wa ulinzi shirikishi walipita njiani wakapuliza filimbi kama kawaida yao. Mbwa walilipuka. Mtoto akaamka. Kelele iliendelea muda mrefu baada ya walinzi kwenda zao, kwa sababu wafanyakazi wa baa iliyo barabara kuu walikuwa wanarudi nyumbani kwa njia hiyohiyo, wawili wawili.

Mzee hakusema kitu kwa muda, kisha akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama huwa ni hivi kila siku. Chumba chao cha kulala kiko upande wa mbele, feni inazunguka usiku kucha, na masikio yake si ya ujana. Alikuwa anawasikia mbwa wake kama sauti ya mbali inayomhakikishia kuwa yuko salama. Sauti ileile ilikuwa inapasua usingizi wa nyumba ya pili, naye kwa kweli hakulijua hilo. Akamwambia Nesi, "Binti yangu, pole. Hili sikulijua."

Daftari lilisema nini

Madaftari mawili yalipolinganishwa, yalikubaliana kuliko tulivyotarajia. Mbwa hawakubweka usiku kucha, kama walalamikaji walivyosema, wala hawakubweka kwa sababu ya wezi tu, kama Mzee alivyosema. Kulikuwa na vipindi.

Kikubwa kilikuwa kile cha saa saba kasoro hadi saa nane kasoro: filimbi, kisha wapita njia. Kwenye safu ya "nini kilikuwa kinatokea nje," mjukuu wa Mzee aliandika neno "filimbi" karibu kila usiku. Watu waliokuwa wanawalinda majirani ndio waliokuwa wanawaamsha.

Kipindi cha pili kilikuwa mchana, hasa Mzee na mkewe wakitoka. Mbwa kwenye mnyororo, mbele ya geti la nondo, akimwona kila dereva wa bodaboda anayekwenda kijiweni. Afisa mifugo alitueleza jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulifikiria: mbwa humbwekea mpita njia, mpita njia huendelea na safari yake, na mbwa hudhani yeye ndiye aliyemfukuza. Kwa hiyo kila mtu anayepita anamfundisha kubweka zaidi. Mnyororo nao unaongeza, kwa kuwa anaona asichoweza kukifikia wala kukikimbia. Kipindi hiki ndicho kilichokuwa kinamuumiza Nesi akitoka zamu ya usiku, na balozi hakukigusa kabisa kwa sababu aliuliza habari za usiku tu.

Cha tatu kilikuwa kifupi, saa kumi na moja alfajiri wakati wa adhana. Mbwa walilia kwa sauti ndefu, si kubweka. Mtu mmoja alitaka kulifanya jambo hili kuwa la dini. Mzee wa msikitini aliyekuwepo alilizima mara moja: tangu utoto wake amesikia mbwa wakilia wakati huo, na hulia vivyo hivyo kwa king'ora cha gari la wagonjwa. Hilo likaachwa lilivyo.

Na wiki zile mbaya kupita zote, zile za banda jipya? Afisa mifugo aliuliza tarehe, akalinganisha na joto la jike. Joto huchukua takriban majuma matatu na hurudi karibu mara mbili kwa mwaka. Bila kumfunga kizazi, mtaa ungeyaona tena mambo yaleyale baada ya miezi michache.

Makubaliano

Yaliandikwa kwenye ukurasa mmoja, yakasainiwa na pande zote na mashahidi, nakala moja ikabaki ofisi ya mtaa. Banda lihamishwe karibu na kisima, na mumewe Nesi pamoja na Mwalimu wachangie gharama ya fundi. Nondo za geti zifunikwe bati hadi juu ya kimo cha mbwa. Minyororo iondolewe, mbwa wawe na uwanja wao nyuma ya nyumba. Jike afungwe kizazi kwa gharama ya Mzee. Walinzi wasipulize filimbi kwenye njia hiyo ila kwa dharura. Mzee afungiwe taa ya sola inayowaka mtu akikaribia ukuta, na awe na namba za majirani wanne ambao wameahidi kutoka akipiga. Nesi ampe mke wa Mzee ratiba yake ya zamu kila mwezi.

Kipengele cha majirani wanne kilileta mabishano kuliko vyote, na mimi nilikipigania. Mzee alikuwa na hofu ya kweli. Kumwomba apunguze ulinzi wake bila kumpa ulinzi mwingine ni kumwomba alale macho ili wengine walale usingizi.

Mwalimu aliombwa aandike kwenye kundi lilelile la WhatsApp kwamba jambo limekwisha na kwamba Nesi hakuwa mtaani usiku wa sumu. Aliandika.

Matokeo

Banda lilihamishwa ndani ya wiki, geti likafunikwa kesho yake. Kelele za mchana zilipungua karibu mara moja. Za usiku zilichukua muda, maana mbwa waliozoea filimbi waliendelea kuamka saa ileile kwa siku kadhaa hata bila filimbi. Baada ya miezi mitatu Nesi alisema anaamshwa usiku mmoja au miwili kwa wiki, kwa dakika chache. Kulia kwa alfajiri kuko palepale.

Hali iliharibika mara moja, Mzee aliposafiri kwa msiba mkoani na kumwachia nyumba kijana asiyejua makubaliano. Alirudisha minyororo na kuwalisha mbwa usiku sana. Safari hii Nesi hakutuma mtu. Alimpigia mke wa Mzee, na jambo likaisha kwa simu moja.

Salamu zimerudi. Urafiki haujarudi, hasa kati ya Mzee na Mwalimu, ambao wakikutana husalimiana na kupishana tu. Mama wa kuku hakulipwa na mtu yeyote.

Uchambuzi

Daftari lilifanya kazi kwa sababu lilibadilisha swali. Kabla yake, watu waligombania nani hana adabu: mpangaji anayemwamuru mzee, au mzee asiyejali mtoto mchanga. Swali hilo halina mwisho. "Saa ngapi, na nini kilikuwa kinapita?" ni swali linaloweza kujibiwa, na majibu yake yalifika kwa watu ambao hakuna aliyewatilia shaka, yaani walinzi wenyewe. Inasaidia pia kwamba liliandikwa na pande zote mbili. Lingekuwa la Nesi peke yake, Mzee angesema limetungwa.

Uamuzi wa balozi ulishindwa, na si kwa sababu banda ni wazo baya. Aliamua bila kusikia kelele yenyewe na bila kusimama mahali pa kujengea. Angefika saa saba usiku badala ya jioni, angejua kuhusu filimbi miezi miwili mapema, na huenda dume yule angekuwa hai.

Kuhusu kundi la WhatsApp, sidhani kama Mwalimu alikuwa na nia mbaya. Mtoto wake alikuwa na mtihani. Ila rekodi ile iliwaita watu mia kwenye ugomvi wa nyumba tatu, na miongoni mwao huenda alikuwemo aliyetupa sumu akidhani anausaidia mtaa. Hili siwezi kulithibitisha, lakini mpangilio wa matukio unanitia wasiwasi. Rekodi ina thamani kubwa mbele ya mwenyekiti au mahakama. Ibaki huko.

Sheria ilisaidia zaidi ikiwa imesimama nyuma. Ingetajwa barazani siku ya kwanza, Mzee angetafuta wakili badala ya fundi. Ilipotajwa kikaoni, baada ya pande zote kuchoka, iliwaonyesha kwamba hata mahakama ingeanza kwa kudai daftari.

Udhaifu wa makubaliano haya ni kwamba yamefungwa kwa watu waliopo. Nesi ni mpangaji. Akihama, atakayekuja hatajua kwa nini geti la jirani lina bati wala kwa nini walinzi hawapulizi filimbi hapo. Mtendaji ameombwa kumpa mwenye nyumba nakala, iambatanishwe na mkataba wa pango. Hadi ninapoandika, nakala hiyo bado iko kwenye faili la ofisi ya mtaa, na mkataba wa Nesi unakwisha Juni.